Kuyafuata maji hadi Engaruka: safari yangu na Mjomba

Mjomba ana miaka 71, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ameikalia kamati ya ndiva kijijini kwetu, wilaya ya Same. Kwa msiokuwa Wapare: ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililo juu ya mashamba. Linakinga maji ya mfereji usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na wenye mashamba wanayapata kwa zamu. Asiyetokea kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji, zamu yake inarukwa. Hapo ndipo kesi zinapoanza.

Mwaka huu mjukuu wake alimwonyesha kwenye simu picha ya magofu ya Engaruka, kule chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilaya ya Monduli. Mjomba akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, akauliza: "Watu waliojua kupanga mawe namna hii, waliyaachaje maji?" Akaliuliza tena wakati wa chakula, akaliuliza njiani kutoka kanisani, mpaka mkewe akanipigia simu: "Mwanangu, mchukue umpeleke huko, angalau tupumzike."

Haya nayaandika nikiwa nimesharudi, kutokana na picha za simu yangu na daftari la Mjomba. Hesabu za hela ni zake. Utani kuhusu Wapare na hela mnaujua. Sitauongeza wala kuukanusha.

Jumatano, 7 Agosti 2024: Same hadi Arusha

Basi lilitakiwa kuondoka saa mbili. Liliondoka saa nne kasoro, kwa sababu kondakta alikuwa bado anatafuta abiria wa viti viwili vya nyuma. Nauli 9,000 kila mmoja. Mjomba aliandika muda wa kuondoka na wa kufika, akapiga mstari chini ya ule wa kuondoka.

Njia yenyewe wengi mnaijua: mkonge wa Kisangara, Mwanga, njia panda ya Himo, Moshi. Tukalala Kijenge kwa binamu yangu, bure, ila tulibeba mchele kilo tano na maparachichi. Mjomba aliandika na hayo.

Alhamisi, 8 Agosti: Arusha hadi Mto wa Mbu

Nane Nane. Jiji zima lilikuwa linaelekea Njiro kwenye maonyesho, sisi tukaenda upande wa pili. Kosta hadi Mto wa Mbu ilikuwa 7,000, lami mwanzo mwisho. Makuyuni unakata kulia, halafu nchi inafunguka, na mbele yako unasimama ukuta mmoja mrefu wa kijivu kutoka kusini hadi kaskazini. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Mjomba alikaa dirishani akiutazama bila kusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Mto wa Mbu tuliufika saa saba. Tukala wali, maharage na mchicha kwa 3,000, tukanunua ndizi nyekundu, ambazo ni sifa ya mji huo, nne kwa 2,000. (Mjomba alizipata tano baada ya mazungumzo.) Jioni tulizunguka kwenye majaruba ya mpunga nyuma ya mji. Mama mwenye gesti alitueleza kwamba mababu zake walipokuja hapakuwa hivi, palikuwa nyika kavu. Mifereji ndiyo iliyoleta mpunga na migomba, na nyuma yake wakaja watu wa makabila yote unayoyajua. Gesti 20,000, chandarua kizima, na kwa jina la mji huo msilale bila chandarua.

Kwa watakaofuata: toeni hela hapa. Huko mbele wakala wa simu yupo, lakini akiishiwa fedha taslimu ndiyo basi.

Ijumaa, 9 Agosti: Mto wa Mbu hadi Engaruka

Hapa nieleze jambo moja. Mjomba ni Msabato, kama walivyo wengi wa upande wetu wa milima. Jua likizama Ijumaa, kazi, biashara na safari vinakoma mpaka lizame Jumamosi. Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaruka si mbali, kama kilomita 60 hivi, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Gari ni Land Cruiser la zamani lenye mabenchi, 10,000 kwa kichwa. Tulikuwa watu kumi na wanne, mbuzi wawili, magodoro, na mabati juu ya keria. Liliondoka lilipojaa, yaani saa nane mchana. Barabara inakwenda kaskazini, ukingo wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wa kushoto muda wote. Baada ya Selela ni vumbi jepesi kama unga wa muhogo, likikatwa na makorongo ambayo masika ya mwaka huu yaliyachimba upya. Juu ya ukingo, kwenye nyanda za Ngorongoro, mawingu yalikuwa yamelalia msitu. Chini tulipokuwa sisi hakukuwa na wingu hata moja. Mjomba akanigusa goti: "Umeona? Mvua inaishia kule juu. Huku wanapata kivuli chake tu. Anayelima hapa anategemea kinachoteremka."

Saa kumi na nusu tairi la nyuma likapasuka. La akiba lilikuwepo, ila halikuwa na upepo.

Dereva akaondoka na pikipiki iliyopita, kurudi alikotoka kutafuta pampu. Tukakaa kwenye kivuli cha mgunga. Mjomba akawa anatazama jua, halafu saa, halafu jua. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akipita na punda wake watatu alisimama. Nilimsalimia kwa maneno mawili niliyofundishwa garini, "Takwenya, yeyo" (nakusalimu, mama), akajibu "Iko," akacheka lafudhi yangu, kisha akafungua kibuyu akatumiminia maziwa kwenye kifuniko. Yana ladha ya moshi, maana kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto. Nilipotaka kumlipa alinishika mkono akaurudisha kifuani pangu. Wale morani wawili waliokuwa nyuma ya gari ndio waliolinyanyua, jeki ilipokataa kusimama kwenye mchanga.

Tuliingia Engaruka taa zikiwa zimewashwa na jua limekwisha zama. Mjomba alishuka kimya, akachukua begi lake. Kesho yake asubuhi ndipo aliponiambia, kama mtu aliyelifikiria usiku kucha, kwamba hata Yesu aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa. "Na sisi tulikuwa ng'ombe," akasema.

Mkiweza, ondokeni Mto wa Mbu na gari la asubuhi. Na beba maji ya kunywa, lita tatu kwa mtu, hata kama mwenyeji wako anakwambia utafika baada ya saa mbili.

Jumamosi, 10 Agosti: Engaruka Juu

Ukurasa wa siku hii kwenye daftari ni mtupu. Hakununua, hakulipa, hakuandika. Nilizolipa mimi: chumba 15,000 (maji ya kuoga kwenye ndoo, ya moto ukiomba), chai na chapati mbili 1,500, na mchana loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa mgando unaopendwa Arusha yote, bakuli 2,000.

Asubuhi alisoma Biblia nje ya chumba. Saa tisa akasema kutembea si kazi. Tukaufuata mto kuelekea ukingoni.

Niseme Engaruka ilivyokaa, maana kwenye ramani inaonekana nukta moja. Kuna Engaruka Juu na Engaruka Chini. Juu ni pale mto unapotoka kwenye mpasuko wa ukingo, ukiteremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Unautambua kwa mbali: migomba, mahindi mabichi katikati ya Agosti, miti mikubwa yenye kivuli. Ukitembea kwenda mashariki kijani kinapungua hatua kwa hatua, nyumba zinaachana, na mwisho unabaki na tambarare ya vumbi, maboma na mifugo. Hiyo ndiyo Chini. Tofauti ya hizo mbili ni mto mmoja tu, na mto wenyewe si mkubwa. Mahali pengi nilivuka bila kukunja suruali.

Mto huo unagawanywa kwa mifereji ya udongo. Karibu na banio, pale maji yanapokingwa mtoni kuingia mfereji, tulimkuta mzee amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini, shuka nyekundu, koti la suti juu yake. Mjomba akamwamkia, wakaulizana hali ya mvua, mifugo na watoto, na baada ya hapo Mjomba akauliza: "Leo zamu ya nani?"

Ningekuwa mwandishi wa riwaya ningesema macho ya yule mzee yaling'aa. Kilichotokea ni kwamba alisogea akampa nafasi kwenye jiwe. Wakaongea saa nzima na nusu, mmoja Kiswahili cha Kipare, mwingine cha Kimaasai. Nilichokiokota ni kwamba kila mfereji una watu wake na siku zake, na kuna kamati. Anayefungulia maji usiku kinyemela anatozwa faini. Zamani ilikuwa mbuzi, sasa ni hela, na mzee alisema hela imeharibu mambo kwa sababu mtu hailii hela kama anavyomlilia mbuzi. Mjomba alicheka hadi akakohoa. Wanalima mahindi na maharage kwanza, halafu ndizi, nyanya na mboga za kupeleka Mto wa Mbu. Nilimuuliza mzee kama kulima si kinyume cha Umaasai. Akanitazama kwa huruma. "Ng'ombe walipokufa kwa ukame, mtoto wangu alikula nini?"

Nikauliza na kuhusu walio Chini. Alinyoosha fimbo kuelekea tambarare, akasema kiangazi maji hayafiki. Yanaishia njiani.

Mjomba hakusema kitu, ila tuliporudi alikuwa anatembea polepole, mikono nyuma.

Jumapili, 11 Agosti: magofu

Saa moja asubuhi Mjomba alikuwa ameshavaa, daftari mkononi. Kiingilio na kijana wa kutuongoza vilitugharimu 30,000 kwa wawili. Ulizeni kwanza na mdai risiti, kwa sababu raia na mgeni wa nje hawalipi sawa. Vaeni viatu vilivyofunika vidole. Miiba ya migunga ya hapa inapenya ndala kama sindano.

Usitegemee Kilwa. Hakuna msikiti, hakuna tao, hakuna chokaa. Ni mawe matupu, yamepangwa bila udongo wala saruji ya kuyashika, na ukipita haraka utadhani ni mteremko wenye mawe mengi. Kijana wetu alijua hilo, akatukalisha kwanza mahali palipoinuka. "Msitazame jiwe," alisema. "Tazameni mistari."

Ndipo tukaiona. Miraba kwa miraba, tuta juu ya tuta, inashuka kutoka miguuni mwa ukingo na kwenda mbali kwenye vichaka. Jumla ya eneo lililolimwa ni karibu hekta 2,000. Juu ya mashamba, kwenye mteremko wenyewe, kuna vijiji: vibaraza vya mawe vilivyochongwa kwenye kilima, kila kimoja kilibeba nyumba. Kuna mazizi ya mviringo, na inaaminika ng'ombe walifungiwa humo, wakaletewa majani, samadi ikapelekwa shambani. Mazao makuu yalikuwa mtama. Mbegu zake zilizoungua zilipatikana kwenye uchimbaji. Watu waliishi hivi kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha wakaondoka.

Mjerumani Gustav Fischer alipita hapa mwaka 1883, akayaona mawe haya yakiwa tayari hayana wenyewe. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikuja mwaka 1935 na akakadiria kwamba mji huu ulikuwa na watu 30,000 au zaidi. Miaka ya 1960 Hamo Sassoon alichimba, akafuatiwa na John Sutton, na hesabu ikashushwa hadi elfu chache. Kosa la Leakey linaeleweka ukiwa pale juu: unaona mashamba yote kwa wakati mmoja, unadhani yote yalilimwa kwa wakati mmoja.

Mjomba hakuwa anasikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye mfereji wa zamani. Unaukata mteremko kwa ubavu, umeshikiliwa na mawe upande wa chini, na umeshuka kidogo sana, kiasi kwamba kwa macho yangu ulikuwa umelala sawa. Alichukua chupa ya maji, akailaza kwenye jiwe la ukingoni, akatazama kiputo. "Hawa," akasema, "walikuwa mafundi." Kwetu mfereji ukishuka sana unachimba, ukilala sana unajaa mchanga. Kupata katikati bila kipimo chochote ni kazi ya watu waliokosea mara nyingi na kurekebisha.

Kisha akaenda kwenye shamba moja la chini, akafukua kwa kijiti pembeni ya ukuta uliobomoka, akaona tabaka za udongo laini. Akamwita kijana. "Mwanangu, udongo huu haukuwa hapa. Umeletwa na maji. Waliuwekea ukuta, maji ya matope yakaingia, yakatulia, udongo ukabaki. Wakapandisha ukuta tena." Kijana akamtazama kwa mshangao, akasema hicho ndicho walichokieleza watafiti waliokuja miaka ya 2000: baadhi ya mashamba hayakuchimbwa, yalitegwa. Mjomba aliandika daftarini neno moja, "Kweli," na saa.

Kwa nini waliondoka? Kijana alitupa majibu yaliyozoeleka. Zamani vijito vilivyotoka ukingoni vilikuwa zaidi ya kimoja, vingine vikakauka au vikawa vya msimu, na leo unaotiririka mwaka mzima ni mto Engaruka pekee. Udongo ulichoka. Wafugaji waliingia bondeni. Wapo wanaosema wazao wa watu hawa ni Wasonjo, ambao hadi leo wanamwagilia kwa mifereji huko kaskazini, na wapo wanaowataja Wairaqw. Hakuna aliyeacha maandishi.

Mjomba alikuwa na lake. Alisimama kwenye shamba la mwisho kabisa, mbali na mto, mahali ambapo mistari ya mawe inamezwa na vichaka. "Mtu wa hapa ndiye wa kwanza kuondoka," alisema. "Siyo wa juu. Maji yakipungua, wa juu haoni. Wa mkiani anasubiri zamu siku tatu, siku tano, siku kumi. Siku moja anafunga mizigo. Akiondoka, msaragambo umepungukiwa mikono, mfereji unaziba, na mwenzake wa pili anakuwa mkiani. Mwisho anabaki wa banioni peke yake na mfereji mrefu asioweza kuuzibua."

Sijui kama mwanahistoria atakubali. Mimi nilikuwa nimetazama tambarare ya Engaruka Chini jana yake.

Mchana tulikwenda huko Chini kwa bodaboda, 5,000 kwa wawili kwenda na kurudi. Joto la kukausha midomo. Magari ya watalii wa ziwa Natron yalipita yakituachia vumbi. Kaskazini umesimama mlima Kerimasi, na nyuma yake Oldonyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamaasai, volkano pekee duniani inayotapika lava ya magadi: inatoka nyeusi, haina moto mkali kama lava nyingine, na ikikaa hewani inageuka nyeupe. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa mwaka 2007 na 2008.

Na magadi ndiyo habari ya bonde hili sasa. Yapo chini ya ardhi ya Engaruka, mengi, na Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa na mpango wa kuyachimba kwa ajili ya viwanda vya vioo na sabuni. Kabla ya hapo macho yalikuwa Natron, lakini kule ndiko heroe, ndege wale wa rangi ya waridi, wanakozaliana kuliko mahali popote Afrika Mashariki, na kelele zilikuwa kubwa. Chini nilisikia kauli mbili zinazopingana ndani ya kibanda kimoja cha chai. Kijana alisema kiwanda kitaleta ajira na lami. Mama aliyekuwa anatukaangia mandazi akauliza, bila kugeuka, "Na kiwanda kinakunywa nini?"

Chini ya mti jirani akina yeyo walikuwa wamepanga nyanya, shanga, na mafungu ya magadi ya mabonge. Mpare gani atapita magadi? Makande bila magadi yanachemka tangu asubuhi hadi jua linazama. Mjomba alinunua fungu la 3,000, akashusha hadi 2,500, akaongezewa kibonge.

Jioni mtandao ulipopatikana simu yake ikaingiza ujumbe mmoja kutoka nyumbani. Aliusoma, akaizima simu, akaiweka mfukoni. Nilipouliza akasema ni mambo ya kijijini.

Jumatatu, 12 Agosti, na kurudi

Gari la Mto wa Mbu linaondoka Engaruka saa kumi na moja alfajiri, na hili linaondoka kweli. Yule mzee wa banioni alikuja kutuaga gizani na mkungu mdogo wa ndizi. Mjomba hakuwa na kitu cha kumpa, akavua saa yake ya mkononi. Mzee akaitazama, akairudisha. "Nitajuaje zamu imeisha? Kwa jua." Wakacheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Njia nzima hadi Arusha ilikuwa usingizi na vumbi, na Jumanne saa kumi tulikuwa Same.

Jumla ya matumizi kwa watu wawili, siku saba, ni shilingi 236,400. Humo hayamo ya Jumamosi, ambayo Mjomba anasema ni yangu.

Mkewe alipokea magadi, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akasema yana mchanga, akayaloweka yachuje. Makande yalipikwa Jumatano na yalilainika kwa nusu ya muda wa kawaida.

Ule ujumbe wa Jumapili ulikuwa wa katibu wa kamati ya ndiva. Jumatatu kulikuwa na msaragambo wa kuzibua mfereji mkuu. Mjomba hakutokea na hakutoa taarifa, na zamu yake ya Alhamisi imerukwa. Amekata rufaa. Ameomba aruhusiwe kuleta daftari kama kielelezo, kwamba alikuwa kazini.